Historia Iliyozama Yahitaji Wapiga Mbizi

Mwaka wa 1697, merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyokuja kuiokoa Ngome ya Yesu iliyozingirwa na Waomani, ilizama Mombasa karibu na ngome hiyo. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi waliichunguza, na vitu walivyoopoa vimo katika makumbusho ya ngome. Wanafunzi hupelekwa kuvitazama. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Ni nani atakayeteremka kesho kuchunguza yaliyosalia, au matumbawe ya Watamu na Malindi yaliyohifadhiwa tangu 1968? Mbizi tumewaachia watalii, ilhali watoto wengi wa Pwani hawafunzwi shuleni hata kuogelea. Wizara ya Elimu haina budi kulirekebisha jambo hili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka cha baharini sharti apige mbizi.