Lebo ya kijani ikifika Sirari inageuka fagia

Makamanda, leo tuongee nguo.

Siku belo linafunguliwa sokoni Sirari, soma lebo kabla hujauliza bei. Utakutana na vijani vya majani na maneno matamu: nguo hii inajali mazingira. Geuza ndani: poliesta. Poliesta ni plastiki, mura, inatokana na mafuta ghafi. Hata ile inayosifiwa kuwa imerejelezwa, sehemu kubwa imetoka kwenye chupa za plastiki, siyo kwenye nguo kuukuu. Sisi watu wa upinzani rangi ya kijani tunaijua vizuri: kujisifu kwingi, ushahidi kiduchu.

Kabla sijaitwa mchochezi, huko zinakotoka wameshabanwa. Mwaka 2022 mamlaka ya masoko na walaji ya Uholanzi iliwabana H&M na Decathlon kwa madai ya kijani yasiyoeleweka. Wakaahidi kuyarekebisha na kuchangia kazi za mazingira, H&M euro 500,000 na Decathlon 400,000. Agosti 2025 Italia ikaipiga kampuni inayoendesha tovuti za Shein faini ya euro milioni 1, kosa ni lilelile. Na Umoja wa Ulaya una sheria ya mwaka 2024, inayoanza kutumika Septemba 2026, inayokataza kampuni kujiita rafiki wa mazingira hivihivi bila uthibitisho.

Kwa hiyo mnunuzi wa Amsterdam analindwa. Je, mama aliyekopa vikoba akanunua belo lililofungwa, asijue ndani kuna nini?

H&M inakusanya nguo kuukuu madukani tangu 2013. Mteja anatumbukiza zake kwenye boksi, anaondoka roho nyeupe. Tangazo linaishia hapo. Lakini nguo zinazokusanywa Ulaya huchambuliwa, na nyingi husafirishwa nje, Afrika ikiwemo. Kwetu wanachagua gredi ya kwanza, kisha ya pili, kinachobaki ni fagia. Fagia haina mnunuzi hata ukiishusha bei vipi. Inachomwa, na ule moshi mweusi wa plastiki anauvuta mtoto wa muuzaji anayecheza pembeni. Hakuna lebo inayomtaja.

Sisemi mitumba ipigwe marufuku. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa taratibu, wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, AGOA ikawekwa mezani, Tanzania ikarudi nyuma. Rwanda ilikomaa, na 2018 nguo zake zikapoteza msamaha wa ushuru Marekani. Halafu ukiifuta leo, vijana wangapi hapa mpakani watalala njaa?

Ninachotaka ni kidogo tu. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na FCC wanayo. Tumezoea kuwaona wakisaka bidhaa bandia. Waziulize na hizi lebo. Mwagizaji aandike juu ya belo kilichomo na gredi yake, na kampuni zinazojisifu zichangie gharama ya kuzoa fagia. (Fulana za kampeni nazo, za wenzetu na zetu, nyingi ni poliesta hiyohiyo. Tukiagiza tena, tuagize pamba. Kanda ya Ziwa inalima.)

Ukikuta lebo ya kujisifu ndani ya belo, ipige picha pande zote mbili, majani yale na maandishi ya kitambaa, uandike na soko. Tukishakuwa nazo za kutosha tunazipeleka FCC, zikiambatana na barua.