Basoda wakitoka, udongo ubaki wa raia

Vijana wa Mongbwalu, ndugu zetu wa Bunia,

Tuulizane: siku ya Mungu, nyuma ya misa, tunapeleka watoto wapi? Kuko mashimo ya zahabu, kuko soko, kuko nganda. Zahabu ya Kilo inajulikana tangu 1903. Nani atatuonyesha bustani moja ya watu wote ambayo zahabu hiyo ilijenga?

Tangu 2002 wenye bunduki wamepokezana mji huu: UPC, FNI, kisha jeshi la serikali. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri yote iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Hatusemi basoda waondoke leo, usalama tunautaka. Tunasema hivi: siku kambi itahama, udongo wake usikatwe parseli usiku na kuuzwa asubuhi.

Watatuambia parki ya mji ni mambo ya wazungu. Kweli, kule San Francisco jeshi la Marekani lilitoka Presidio mwaka 1994, na hekta karibu 600 zikawa parki ya raia. Lakini Nairobi si kwa wazungu. Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa hadi damu ikatoka kichwani, juu alienda kupanda miti Karura, msitu uliokuwa umegawiwa wajenzi. Karura haikuwa kambi, ila ulafi wa udongo ni ule ule. Leo msitu uko pale, na watu wa Nairobi wanatembea humo na watoto wao.

Na sheria iko upande wetu. Sheria ya udongo ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali, na ule wa kazi ya umma hautolewi kwa mtu mpaka uondolewe rasmi katika kazi hiyo. Katiba, kifungu cha 53, inatupa haki ya mazingira safi, tena inatupa wajibu wa kuyatetea.

Kwa hiyo tunadai:
– Kadastre ibandike orodha ya udongo wote wa jeshi, kila mtu asome.
– Karatasi yoyote isitiwe sahihi kabla ya raia kusikilizwa hadharani.
– Mabaki ya mabomu na risasi yatolewe kwanza, kisha miti ipandwe.

Tukinyamaza, tutaamka siku moja tukute ukuta na kibao: «Parseli hii haiuzwi». Juu itakuwa imekwisha kuuzwa.

Tunakatala!