Mchuma Chai Achorwaye Asiyechora: Hoja ya Tuzo kwa Wanawake Wachora Vibonzo

Yeyote aliyewahi kutundika ukutani kalenda ya kampuni ya chai nchini Kenya anamfahamu mwanamke huyu. Amezama hadi kiunoni katika kijani kibichi, kikapu ki mgongoni, kitambaa ki kichwani, vidole vimeshika majani mawili na chipukizi lake, na daima anatabasamu. Mvua ya Kericho, ambayo hutujia karibu kila alasiri, haimlowanishi kamwe. Kilimo cha chai cha kibiashara kilishika mizizi hapa katika miaka ya 1920, na sidhani kuna mfanyakazi mwingine wa Kenya ambaye taswira yake imetumiwa kuuza bidhaa kumshinda yeye. Amechorwa, amepigwa picha, amebandikwa kwenye mabango. Ni lini yeye mwenyewe, au binti yake, alishika kalamu akatuchora sisi tunywao?

Makala haya yananuia kutetea rai moja. Chama chetu cha Kiswahili kianzishe tuzo ya kila mwaka kwa wanawake wachora vibonzo wa Kericho na Bomet, na zawadi yake iwe kurasa za jarida hili badala ya kombe. Natumia neno kibonzo kwa mchoro wa kejeli na vilevile kwa hadithi isimuliwayo kwa picha, ijapokuwa wengi wetu husema katuni. Sitaki ugomvi wa istilahi utuchelewesha kabla hatujang'oa nanga.

Taaluma hii si ngeni kwetu, wala si ngeni kwa Kiswahili. E. G. Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi, na wasomaji wengi wa Taifa Leo walianza gazeti kwa ukurasa wake kabla ya habari za siasa. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, lililomcheka mkaazi wa Nairobi kwa huruma. Kisha akaja Paul Kelemba, yaani Maddo. Akaja Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejiunga na Nation mwaka 1992, na ambaye mwaka 2016 alitunukiwa jijini Geneva na shirika la Cartooning for Peace pamoja na Zunar wa Malaysia. Orodha ni ndefu na ya kujivunia, na wote niliowataja ni wanaume. Upande wa pili jina linalotajwa kwanza, na mara nyingi peke yake, ni la Celeste Wamiru, aliyechora vibonzo vya uhariri katika gazeti la People. Yeye husemwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini kufanya kazi hiyo. Sifa hiyo ni yake kwa haki, lakini inatushtaki sisi wengine, maana nchi yenye magazeti ya kila siku tangu enzi za ukoloni imekuwa ikihesabu wanawake wa ukurasa huo kwa kidole kimoja.

Waama, tusijidhanie kuwa peke yetu katika aibu hii. Chama cha kitaifa cha wachora vibonzo cha Marekani, kilichoasisiwa mwaka 1946, hakikuwapokea wanawake. Mwaka 1949 Hilda Terry alikiandikia barua akikitaka ama kijiite waziwazi chama cha wanaume au kifungue mlango. Mlango ulifunguliwa mwaka 1950. Tuzo ya Pulitzer ya vibonzo vya uhariri ilianza kutolewa mwaka 1922, ikamfikia mwanamke wa kwanza, Signe Wilkinson, mwaka 1992. Hesabu miaka hiyo, msomaji. Ndipo unapoelewa kwa nini kundi liitwalo Friends of Lulu, lililoanzishwa Marekani mwaka 1994 na kupewa jina la msichana wa vibonzo aliyebuniwa na mwanamke, Marjorie Henderson Buell, liliona haja ya kutoa tuzo zake lenyewe, na kuweka daftari la heshima la wanawake waliochora wakasahauliwa. Nchini Ufaransa ilizuka tuzo ya Artémisia mwaka 2007 kwa sababu hizohizo.

Kisa cha Angoulême ndicho kinachonikaa akilini zaidi. Tamasha hilo la Ufaransa ni kama Mecca ya hadithi za picha. Mnamo Januari 2016 lilitoa orodha ya majina 30 ya waliostahiki tuzo yake kuu, na hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Wachoraji kadhaa wanaume waliokuwemo wakaomba majina yao yaondolewe, na orodha ikaporomoka. Kabla ya hapo tuzo hiyo kuu ilikuwa imemwendea mwanamke mmoja kwa njia ya kawaida, Florence Cestac, mwaka 2000, mbali na tuzo maalumu aliyopewa Claire Bretécher mwaka 1983. Baada ya zogo lile wametuzwa Rumiko Takahashi mwaka 2019, Julie Doucet mwaka 2022, Posy Simmonds mwaka 2024 na Anouk Ricard mwaka 2025. Je, vipaji hivi vilichipuka ghafla kama uyoga baada ya mvua? Takahashi alikuwa akichapisha tangu miaka ya 1970. Aliyebadilika ni mtazamaji.

Najua lipo pingamizi, na limekwisha kutolewa katika vikao vyetu: tuzo ya wanawake pekee ni upendeleo, humfanya mshindi aonekane bingwa wa daraja la pili. Nikiwa mwenyeji wa eneo la wanariadha, jibu la kwanza lililonijia lilikuwa la mbio. Wilson Kiprugut Chumo wa Kericho aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, Tokyo mwaka 1964. Joyce Chepchumba, naye wa Kericho, alipata shaba ya marathoni ya wanawake Sydney mwaka 2000. Hakuna aliyesema shaba ya Chepchumba ni ya kuhurumiwa. Hata hivyo nakiri kwamba ulinganisho huu una ufa. Mbio hutenganishwa kwa sababu ya miili, ilhali mkono uchorao haujui jinsia. Kinachotofautiana ni nafasi: nani anaachiwa saa za kuchora, nani anaambiwa picha ni mchezo wa mtoto, nani anafahamiana na mhariri. Pingamizi lingekuwa na nguvu iwapo uwanja mmoja wa wote ungekuwepo tayari. Kericho na Bomet hakuna uwanja wowote.

Hapa naomba nimtaje mwenzetu mmoja, bila jina kwa ombi lake. Ni mwanachama wa chama hiki, anatoka Konoin, na mama yake huuza majani chai katika kituo kimoja cha ununuzi. Kila mzani unaposomwa, mkulima hupewa kikaratasi chenye idadi ya kilo. Mwenzetu huyu amekuwa akivikusanya vikaratasi hivyo tangu shule ya upili na kuchora nyuma yake. Alinionyesha rundo lililofungwa kwa mpira. Kimoja kinaonyesha mzani wenye mdomo, ukitafuna majani kabla ya kuyapima. Kingine ni cha mama wa kwenye kalenda: amelivua tabasamu lake, amelitundika kwenye msumari kando ya mlango, na sasa ameketi akijikanda miguu. Maneno yaliyomo ni machache, ya Kiswahili sanifu ila pale karani anapozungumza, ambapo Kiswahili kinageuka kuwa cha amri za mnyapara. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nilipomuuliza amevipeleka wapi, alinitazama kama niliyemuuliza njia ya kwenda mwezini.

Tufikirie yaliyopita mikononi mwetu bila kuchorwa na wahusika. Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 waliofanya kazi katika mashamba ya chai ya Kenya walieleza jinsi walivyonyanyaswa kingono na wasimamizi wao, na Kericho ndiyo iliyotajwa. Mei mwaka huohuo mashine za kuchumia chai zikateketezwa moto Kericho na watu waliohofia kazi zao kuisha. Mwanamke wa kikapu, aliyekuwa nembo, alikuwa anaondolewa hata shambani. Mambo haya yaliandikwa na kuhojiwa sana. Lakini kibonzo hufanya kazi ambayo taarifa ya habari haiwezi: humpunguza mwenye nguvu akawa mdogo kiasi cha kuchekwa na yule anayemwogopa. Kalamu ya kufanya hivyo ingetoka kwa nani ila kwa aliyeinama kwenye safu zile?

Hata viongozi wetu wanawake tumewapokea kupitia macho ya wengine. Septemba 2008, baada ya ajali ya ndege iliyowaua Kipkalya Kones na Lorna Laboso, Sotik ilimchagua Joyce Laboso na Bomet ikamchagua Beatrice Kones siku moja. Mwaka 2017 Joyce Laboso akawa miongoni mwa magavana watatu wa kwanza wanawake waliochaguliwa nchini, akahudumu hadi alipofariki Julai 2019. Historia kubwa kama hiyo ilipita bila mchoraji hata mmoja wa kike wa hapa kwetu ninayeweza kumtaja.

Mtu atauliza: kwa nini chama cha Kiswahili, na si idara ya sanaa? Kwa sababu kibonzo ni nusu maneno. Marguerite Abouet wa Ivory Coast alipotuzwa Angoulême mwaka 2006 kwa kitabu chake cha kwanza kuhusu Aya, msichana wa Yopougon, michoro ilikuwa ya Clément Oubrerie. Yeye alikuwa mwandishi. Kwa hivyo tuzo yetu iwe wazi kwa mwenye mstari na mwenye neno pia. Isitoshe, tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilizitaja riwaya za picha miongoni mwa kazi zinazokaribishwa. Mwaka uliofuata ilimtuza Anna Samwel Manyanza kwa riwaya yake Penzi la Damu, hivyo mwanamke hakukosa kuonekana. Mlango wa picha uliachwa wazi; sisi tuliosomea lugha ndio tuliodhani si wetu. Jarida hili lenyewe, ambalo limechapisha mashairi ya kila bahari na tahakiki za kila nadharia, halijawahi kuchapisha kibonzo.

Mawili yananitatiza, na sitayaficha. La kwanza ni uhai wa tuzo yenyewe. Friends of Lulu lilivunjika mwaka 2011 na tuzo zake zikafa nalo, maana lilitegemea watu wa kujitolea. Chama cha wanafunzi ni dhaifu zaidi, kwa kuwa viongozi wake huhitimu kila mwaka na kuondoka na shauku zao. Ndiyo maana nasisitiza kurasa. Kombe huhitaji mfadhili, ukumbi na mgeni wa heshima atakayechelewa saa tatu. Kurasa nane huhitaji kifungu kimoja katika katiba ya chama na mhariri asiyeogopa. La pili ni zito zaidi. Tuzo hutolewa ili jina lijulikane, lakini katika mashamba makubwa nyumba ya mfanyakazi hufuata kazi yake, na mchoro wa binti unaweza kumgharimu mama paa. Naona turuhusu majina ya kalamu bila kuuliza maswali. Gado na Maddo ni majina ya kalamu pia, na hayakuwapunguzia heshima. Jina halisi libaki kwa mhariri mmoja, hadi mwenyewe atakapotaka litoke.

Limebaki jina la tuzo. Wamarekani walimchukua Lulu, Wafaransa wakamchukua Artemisia Gentileschi, mchoraji wa Italia wa karne ya 17. Mimi napendekeza Sotet, kibuyu cha mursik. Mwanariadha akirejea na ushindi hulakiwa kwa kibuyu hicho, na kila kamera humwelekea yeye. Aliyekisafisha kwa sosiot, akakitia mkaa, akakipamba kwa shanga kwa mikono yake, ni mama fulani asiyeonekana pichani. Mwenzetu wa Konoin hakubaliani nami. Anasema tuzo ya Kiswahili iitwe kwa Kiswahili, Kibuyu basi, na kwamba mimi ninataka tena kumtumia mama kama nembo. Hoja yake ya kwanza naweza kuijibu. Ya pili nimeilalia siku tatu sasa, naye amekwisha kuichora.