Fungu la Binti



Siku hizi neno "usawa wa wanawake" limeenea, na huku kwetu Amani limekwisha panda milima. Vijana hulijadili njiani. Wazee hulikemea barazani. Sisi twaona kuwa kabla ya kulikemea yafaa tujihesabu: je, haki aliyopewa mwanamke na Mola wake tumekwisha mpa?

Katika Suratun Nisaa, aya ya 7, Mwenyezi Mungu amebainisha kuwa wanawake wana fungu katika mali ya wazazi na jamaa, ikiwa kidogo au nyingi. Saad bin Rabii alipouawa katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, ndugu yake aliitwaa mali yote. Mjane akaenda na binti zake wawili kumshitakia Mtume (s.a.w.). Ikahukumiwa: mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, na baki ya ami yao. Mali ikiwa mafungu 24, mabinti hupata 16, mjane 3, na ami 5.

Hatuyaandiki haya kwa kuwasuta wengine. Baba yetu alipofariki, sisi na ndugu zetu wanaume tuligawana shamba lake la iliki na karafuu. Dada yetu, aliyemwuguza marehemu, tulimpa doti moja ya kanga, tukasema yeye ameolewa. Nasi ndio tuliokuwa tukisomesha mirathi! Hakugomba. Baada ya miaka alimleta binti yake chuoni, akatuambia: "Kaka, mfundishe mirathi vizuri, asije akadhulumiwa." Usiku ule hatukulala. Tuliwaita ndugu zetu, tukalipima shamba upya, tukampa fungu lake na mikarafuu iliyomo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo imeibatilisha mila yoyote imnyimayo mwanamke ardhi. Basi amnyimaye dada yake hana pa kuegemea, katika dini wala katika sheria. Amebakiwa na tamaa yake tu.

Vijana hutuuliza: mbona binti hupata nusu ya fungu la kaka yake? Wanavyuoni wamejibu kuwa mwanamume ametwikwa masurufu ya jamaa zake, na mali ya mwanamke ni yake peke yake. Lakini kaka asiyetoa hata nusu hiyo, wala asiyemtazama dada yake akipungukiwa, ana uso gani wa kulitoa jawabu hilo?

Enyi wazazi, watajieni watoto wenu mafungu yao mngali hai. Enyi kaka, msiandike orodha ya warithi pasipo dada zenu. Nanyi mabinti, someni mirathi. Kudai haki kwa upole si utovu wa adabu.

Wabillahi tawfiq.