Mkopo wa Elimu na Kodi ya Mshahara

Tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo, na kila mwaka visiwa vyetu huikumbuka siku hiyo kwa shangwe. Vijana wa leo wanapovuka kidato cha sita na kuingia chuoni, iwe Tunguu, Dar es Salaam au Dodoma, hukutana na elimu ya namna nyingine: elimu ya mkopo. Hapana ubaya katika hilo. Elimu ya juu ni ghali, na mfuko unaorejeshwa na waliosoma jana ndio unaomsomesha wa kesho. Bara ilianzisha Bodi yake ya Mikopo kwa sheria ya mwaka 2004, na Zanzibar ikaunda ya kwake mwaka 2011. Maelfu ya watoto wa wakulima na wavuvi wamepata shahada kwa njia hiyo, na asiyelikubali jambo hili hasemi kweli.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo halijazungumzwa vya kutosha, nalo ni namna fedha za elimu zinavyokutana na kodi ya mapato. Kodi hiyo ni jambo la Muungano, na elimu ya juu nayo imo katika orodha hiyo hiyo ya Katiba. Kwa hiyo tunayoyasema hapa yanawahusu waheshimiwa wa pande zote mbili, walioko Chukwani na walioko Dodoma.

Tuanze na ufadhili. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 imeusamehe kodi ufadhili au ruzuku ya elimu inayolipwa kwa ajili ya ada ya masomo ya muda wote katika taasisi ya elimu. Huo ni msamaha wa haki. Lakini maneno yake ni membamba. Yametaja ada, hayakutaja vitabu, chakula wala malazi. Yametaja masomo ya muda wote. Hayakutaja masomo ya jioni. Karani anayefanya kazi mchana na kusoma usiku, akilipiwa ada na mwajiri wake, hana kinga ya maneno hayo, na fedha hizo zinaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya mapato ya ajira yake. Kwa maneno mengine, anayejinyima usingizi ili ajiendeleze ndiye aliyeachwa nje ya mlango. Marekani, ambako mambo haya yamejadiliwa kwa miaka mingi, sheria ya mwaka 1986 iliweka mpaka ulio wazi: ufadhili unaolipia ada, vitabu na vifaa vinavyotakiwa na masomo hautozwi kodi, na unaolipia chakula na malazi hutozwa. Mtu anaweza kuupenda mpaka huo au kuuchukia, lakini angalau anajua anaposimama.

Mkopo wenyewe si mapato, kwa hiyo hautozwi kodi siku unapotolewa. Mashaka huanza siku ya kuulipa. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 yaliweka makato ya Bodi ya Bara kuwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kutoka asilimia 8 za awali. Kodi ya mshahara nayo hukokotolewa baada ya kuondoa mchango wa hifadhi ya jamii tu. Marejesho ya mkopo hayaondolewi. Maana yake ni kwamba mfanyakazi hulipa kodi juu ya fedha ambazo hakuzishika mkononi.

Tuchukue mfano wa kijana wa Pemba aliyeajiriwa serikalini Dar es Salaam kwa mshahara wa sh. 800,000. Mchango wake wa hifadhi ya jamii, asilimia 5, ni sh. 40,000. Kwa jedwali la kodi lililoanza Tanzania Bara mwezi Julai 2021, sh. 760,000 zinazobaki hutozwa kodi ya sh. 68,000. Kisha mkopo huchukua sh. 120,000. Anabakiwa na sh. 572,000 kabla ya bima ya afya na ada ya chama cha wafanyakazi. Kama marejesho yangeondolewa kwanza, kodi ingekuwa sh. 44,000, na kijana huyo angeokoa sh. 24,000 kwa mwezi, yaani sh. 288,000 kwa mwaka. Kwa kijana anayepanga chumba, anayeanza maisha na anayetazamiwa na wazee wake kisiwani, hizo si fedha za kudharauliwa.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya deni ni kulipa, na kwamba kila shilingi inayosamehewa mdaiwa hutoka katika zahanati au barabara ya mwingine. Neno hilo ni la kweli, na sisi hatuombi deni lifutwe. Tunakiri pia kwamba msamaha wa namna hiyo una kasoro yake: mwenye mshahara mkubwa angesamehewa kikubwa, na mwenye mshahara mdogo angesamehewa kidogo. Anayepata sh. 400,000 hukatwa mkopo wa sh. 60,000, na kwa kuwa yumo katika kiwango cha kodi cha asilimia 8, angeokoa sh. 4,800 tu. Haifai kuitafuta haki kwa njia inayompita mnyonge.

Kwa hiyo tunaona kuwa liko jibu lililo bora zaidi. Sheria ya kodi ya Bara inatambua kwamba sh. 270,000 za kwanza za mshahara ni za kumwezesha mtu kuishi, na haizigusi. Sheria ya mkopo haina utambuzi huo; hukata tangu shilingi ya kwanza. Serikali ile ile inayosema kwa mkono mmoja kwamba fedha hizi ni za tumbo la mfanyakazi, huzichota kwa mkono wa pili. Kama asilimia 15 ingekatwa katika kile kinachozidi sh. 270,000, mwenye sh. 400,000 angerejesha sh. 19,500 badala ya sh. 60,000. Utaratibu wa namna hii si ndoto. Uingereza hukata asilimia 9 ya mapato yanayozidi kiwango kilichowekwa, na aliye chini ya kiwango hicho hasumbuliwi mpaka mapato yake yatakapopanda.

Ni kweli kwamba marejesho yangechukua muda mrefu zaidi. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza, Mei Mosi 2021 mjini Mwanza, kuondolewa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, kuchelewa kulipa kunaupunguzia mfuko nguvu. Pengo hilo linaweza kuzibwa kwa kupandisha asilimia kwa wenye mishahara mikubwa, ambao wengi wao walisomeshwa na mfuko huo huo, na kwa kuwafuatilia wasiolipa kabisa. Mwalimu wa shule ya msingi hukatwa kila mwezi kwa kuwa jina lake linaonekana katika orodha ya mishahara. Mwenye biashara yake binafsi, aliyekopa kiasi kile kile, anaweza kupita miaka bila kuulizwa. Mzigo wa umma hauwezi kubebwa na wale tu wanaoonekana.

Waajiri nao wasikae pembeni. Anayekata marejesho ya mfanyakazi na kuchelewa kuyafikisha anamwacha mtu huyo adaiwe mara mbili: mfukoni hana, na katika daftari bado anadaiwa.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, Wizara ya Fedha ipeleke Bungeni marekebisho yatakayopanua msamaha wa ufadhili, ili ujumuishe vitabu vinavyotakiwa na masomo ya jioni. Pili, Bodi zote mbili za mikopo zikae pamoja na kuweka kiwango cha mshahara ambacho hakitaguswa na makato. Tatu, kila mwanafunzi, kabla hajatia saini, aonyeshwe kwa Kiswahili chepesi na kwa hesabu ya shilingi, mshahara wake wa kesho utakavyogawanywa kati ya kodi, hifadhi ya jamii na deni.

Hili la tatu halihitaji sheria mpya wala bajeti kubwa. Linahitaji karatasi moja na afisa mwenye nia njema, na linaweza kuanza katika mwaka wa masomo unaokuja.