Jangwani si pa kubahatisha

Wadau wa nyumbani, kuna ujinga huku Oman nimechoka nao. Mtu kaja likizo, hajawahi kukanyaga mchanga, anakabidhiwa usukani kule Wahiba, eti gari inavuta matairi yote manne! Sasa ndiyo nini?

Siku ya kwanza anzieni Bidiya, pembeni palipo tambarare. Upepo utoke 35 ushuke hadi kama 18, tairi litandazike. Afundishwe kuondoka taratibu, na kushuka kilima akiwa kanyooka. Akikata upande, gari inapinduka. Akikwama achimbe mwenyewe, koleo lipo. Magari yawe mawili, na pampu ya kujaza upepo kabla ya kurudi lami.

Binamu zangu mnaokuja Desemba, dereva asiyetaka hata kushuka kupunguza upepo, msipande gari yake.