Dakika Tano za Kifafa

Kifafa kimwangushapo mwanafunzi darasani, wengi hukimbilia kijiko ili wamtie mdomoni. La kuangaliwa kwanza ni saa. Kwa kawaida mtukutiko wa mwili hukoma wenyewe baada ya dakika 2 au 3. Ukipita dakika 5, au ukirudi kabla mgonjwa hajapata fahamu, hiyo ni dharura. Ukifikia nusu saa, ubongo waweza kudhurika daima.

Hapo awali vitabu vingi vya udaktari vilitaja dakika 30. Mnamo 2015 wataalamu wa kifafa duniani waliidhinisha dakika 5 kuwa wakati wa kuanza tiba, kwa kuwa kadiri mtukutiko unavyoendelea, ndivyo dawa za kwanza, kama vile diazepamu na midazolamu, zinavyopungua nguvu. Zikishindwa, hufuata fenitoini, fenobarbitali au levetirasetamu. Hizo nazo zikishindwa, mgonjwa hupelekwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, akatiwa nusukaputi huku mashine ikimsaidia kupumua. Wakati huo huo daktari hana budi kutafuta chanzo: sukari iliyoshuka, malaria, homa ya uti wa mgongo, au dawa za kifafa zilizokatizwa.

Katika chumba hicho kuna hatari nyingine. Mgonjwa aweza kutulia kabisa, jamaa wakashukuru kwamba amelala, kumbe ubongo ungali katika kifafa. Jicho haliwezi kuligundua jambo hilo. Yahitajika mashine ya kupima umeme wa ubongo, pamoja na mtaalamu wa kuisoma.

Wakazi wa Nyayo Highrise na Kibera wana bahati kwamba hospitali za Mbagathi na Kenyatta haziko mbali. Hata hivyo, ujirani huo hautamfaa mgonjwa ikiwa zahanati ya mtaani haina diazepamu, au ikiwa gari haliwezi kupenya vichochoroni. Twaihimiza Serikali ya Kaunti na Wizara ya Afya zihakikishe kuwa dawa hizo hazikosekani, na kwamba kila chumba cha wagonjwa mahututi cha umma kina mashine hiyo na msomaji wake.

Walimu nao wana jukumu. Mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie chochote kinywani, na dakika 5 zikipita mkimbize hospitali. Kisha umwambie daktari mtukutiko ulianza saa ngapi, maana hapo ndipo tiba huanzia. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.